Mluzi wa Bibi Nyamazale

Kila alasiri, mihogo ikishaanikwa, Bibi Nyamazale alijitwika kigoda chake kichwani akaenda kwenye darasa la watu wazima. Huko kijijini, karibu na mji wa Gemena nchini Kongo, alikuwa anajifunza kusoma Kingbaka, lugha aliyoisema maisha yake yote.

Mjukuu wake Zawele alikuwa wa kwanza darasani kwa Kifaransa, na Bibi hakuchoka kumsifu. "Huyu wangu? Hakuna herufi inayomshinda!" aliwaambia majirani, na Zawele alivimba kichwa.

Lakini Zawele alikuwa na siri. Somo la Kingbaka shuleni alilipuuza. Ya nini kufundishwa lugha ya nyumbani? Kumbe ilikuwa na herufi ambazo kitabu cha Kifaransa hakina. Kulikuwa na o iliyo wazi upande mmoja, na b yenye kikonyo, ya sauti inayovutwa ndani. Juu ya irabu kulikuwa na alama ndogondogo za kuonyesha sauti inapopanda na inaposhuka. Kwa Zawele, alama zile zilikuwa kama sisimizi waliomwagika.

Siku moja Bibi alirudi na kibao chake kimejaa chaki. "Jumapili tunasoma mbele ya kijiji kizima, na kila mtu anasoma aliyoyaandika mwenyewe. Hebu nisomee, nisikie kama yamekaa sawa."

Zawele alikitazama kibao, asiambulie kitu. Ila alijua Bibi angeandika nini: habari za siku aliyoolewa, mvua ilipowanyeshea mpaka mafuta ya mawese yakamwagika njiani. Hadithi hiyo alikuwa ameisikia tangu yuko mgongoni. Basi akapitisha kidole kwenye mistari, akaisema yote kutoka kichwani.

"Sawasawa, Bibi! Hakuna kosa."

"Ee, mjukuu wangu!" Bibi akapiga makofi, akamwita jirani aliyesoma naye darasani. "Mama Sebo! Lete na chako usomewe!"

Mama Sebo akaja mbio na kibao chake. Hapo sasa! Zawele hakuijua hadithi ya Mama Sebo. Akafikicha macho. "Moshi unaniumiza, Mama. Labda kesho."

"Moshi gani, na jiko limezimika?" akauliza Dawili, mtoto wa Mama Sebo, huku akicheka.

Usiku ule Zawele alikisukuma kisamvu pembeni. Aibu yake mwenyewe angeweza kuimeza. Lakini Bibi je? Angesimama Jumapili na kibao ambacho hakuna aliyekikagua, akwame, na watu wamcheke mwanamke mzima.

Asubuhi walipokuwa mtoni wakiopoa mihogo iliyolowekwa, alishindwa kuvumilia. "Bibi, nilikudanganya. Zile herufi sizijui. Nilisema yaliyo kichwani mwangu." Akaanza kulia.

Bibi aliacha kazi. Zawele alitamani mto umbebe.

"Kumbe ulisoma mdomo wangu, hukusoma kibao!" Bibi akasema. "Nimeumia, sikufichi. Jumapili ningeaibika kwa kukuamini wewe. Haya, futa makamasi. Bado tuna wakati."

Nyumbani, Bibi alikunja midomo akapiga mluzi. Wangbaka waendapo kuwinda kwa nyavu huitana kwa mluzi msituni, na mluzi huo hufuata sauti za maneno, juu, kati na chini, hata mwenzio akaelewa. "Mwalimu Kongawi anatufundisha hivi," alisema. "Kwanza mluzi, ndipo alama. Mimi mluzi ninao tangu nyavu za baba yangu. Macho unayo wewe. Tazama kama alama zinanifuata."

Bibi akamwonyesha alama ya kupanda na ya kushuka, akapiga mluzi wa sentensi moja, Zawele akafuata kwa kidole. Mluzi ukipanda, alama ipo. Ukishuka, ipo. Mara akashtuka. "Hapa umeshuka, Bibi, lakini kibao kinapanda!"

"Wacha wee! Kweli!"

Wakakuta kosa jingine, na jingine. Siku zilizobaki walishinda wakipiga mluzi, hata kuku wakawazoea.

Jumapili Bibi Nyamazale alisimama mbele ya kijiji. Alisoma polepole, kidole kikitembea, na hakukwama hata mara moja. Alipofika pale mafuta yalipomwagika, watu walicheka mpaka wakashika mbavu, naye akacheka pamoja nao.

Mwalimu Kongawi alimpa mkono, na Bibi akamvuta Zawele kando yake. "Tumesoma wawili," alitangaza. "Huyu aliniambia 'sijui', ndipo tukaanza kujua. Angeendelea kunidanganya, leo mngenicheka mimi. Watoto, kutojua si aibu. Aibu ni kujifanya unajua huku mwenzako anakutegemea."

Watu walipokuwa wanatawanyika, Mama Sebo alimsogelea Zawele na kibao mkononi. "Haya, macho yamepona moshi?"

Zawele alikitazama vizuri. "Hapa kuna herufi mbili sizijui, Mama," alisema. "Tuanze na mluzi."