Jina Lililoliwa

Siku ya nne baada ya kurudi safari, Nashipae alifagia vumbi jeupe mlangoni mwa chumba kidogo kwa mara ya nne. Kila asubuhi alilikuta pale pale, mstari mwembamba juu ya vigae, kana kwamba mtu aliketi upande wa ndani akidondosha makombo. Vumbi la Kitengela kila mwenye pua analijua. Huingia mpaka ndani ya friji. Hili halikuwa lile. Alichovya kidole humo akaonja, maana yeye ana duka la dawa za mifugo, na mtu anayepima magadi ya ng'ombe kila siku haoni kinyaa cha kuonja. Ilikuwa chumvi. Tena haikuwa chumvi ya Magadi, bali ile chungu waliyoikanyaga safarini, kule jangwani Chalbi. Akaizoa, akaimwaga nje, akaenda kufungua duka.

Chumba hicho hakikuwa kimefunguliwa tangu Machi.

Jumamosi watu walikuja kusikiliza habari za safari. Yeyo, mama yake Tajeu mume wa Nashipae, alitoka Kajiado na kibuyu cha maziwa. Majirani wakajaa sebuleni. Tajeu alisimulia kwa ufundi: siku ishirini na moja ndani ya Prado kuukuu, Isiolo, Marsabit, Kargi, North Horr, wakateremka Loiyangalani, wakapanda Maralal, wakarudi nyumbani na kioo kimoja kimepasuka. Nashipae alimrekebisha hapa na pale, kama wake wote wanavyofanya. Watu walicheka. Tajeu na Nashipae wenyewe ndio waliocheka zaidi.

Hakuna aliyeuliza kwa nini walikwenda, kwa kuwa kila mtu alijua. Miezi mitano nyuma walikuwa wamemzika binti yao wa miaka minane, na nyumba ikawa haikaliki. Tajeu hakulia hata siku moja. Nashipae alilia kwa wawili. Mwishowe wakaamua kushika barabara, waende tu, mradi wasikae.

Yeyo hakucheka. Wageni walipotoka alimfuata mkwewe jikoni. Wao huitana Paker, tangu siku ya harusi mama mkwe alipompa kondoo wa kumkaribisha, na jina la zawadi likawa ndilo jina lao.

"Paker," alisema Yeyo kwa sauti ya chini, "nyinyi mko aje?"

"Tuko sawa, Paker. Tumepumzika."

"Nimeona. Mmepumzika sana." Akamtazama usoni kwa muda mrefu. "Umeenda kwa kaburi ya yule?"

"Bado."

Yeyo husema "yule" na wengine wote husema "yule." Katika ukoo wa Tajeu mtoto akishazikwa jina lake halitamkwi tena, lisije likamsumbua yeye au kuwafungua vidonda walio hai. Nashipae amekulia Ngong, mtu wa kanisa, na mwanzoni aliona ni mambo ya kale, lakini alitii kwa heshima. Desturi nzuri hiyo, silaumu mtu. Ila hata shuka nzuri yaweza kumfunika mwizi.

Usiku ule alilala kama gogo, na kesho yake, na kesho kutwa. Tangu Chalbi alikuwa akilala hivyo. Kifua chake hakikuwa na jiwe tena. Alipopita karibu na watoto wanaotoka shule hakuhisi kitu, na aseme ukweli wake, kutohisi kitu kulikuwa kutamu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema waliotutangulia, na Nashipae alikuwa ameujua wa kutosha. Ulipoondoka hakuuliza umeenda wapi.

Jumatano, saa tisa mchana, simu ikaita. Alikuwa Mwalimu Nelima, aliyemfundisha mtoto darasa la pili.

"Mama, pole kwa kukusumbua. Watoto wa class wamepanda mti kwa compound, wa kumkumbuka. Tunataka kuweka kibao. Sasa hatutaki kukosea jina. Tuandike aje, majina yake yote?"

"Andika," alisema Nashipae, akafungua kinywa.

Hakikutoka kitu. Alingoja. Jina la mtoto wako hulitafuti, liko pale pale ulimi ulipo, umeliita mara elfu kwa mapenzi na mara elfu kwa hasira. Alipapasa ndani akakuta mahali pake ni patupu.

"Mama? Unanisikia?"

"Nitakupigia, mwalimu."

Akafunga duka. Alitembea mpaka nyumbani kwa mwendo wa kawaida, na hilo ndilo lililoanza kumtia hofu, kwamba miguu yake haikukimbia. Akachukua ufunguo juu ya kabati na kufungua chumba kidogo. Harufu ilimpiga kwanza: chumvi iliyochomwa na jua, na maziwa yaliyochacha. Kisha akasikia mtu akitafuna. Ilikuwa sauti kavu, ya taratibu, isiyo na haraka, kama mbuzi kwenye mahindi makavu, ikitoka upande wa kitanda kilichotandikwa na kisicho na mtu.

Alichukua daftari la juu kwenye rundo, na pale panapoandikwa jina la mwanafunzi karatasi ilikuwa imeliwa, tundu lenye kingo nyeupe, akachukua la pili nalo lilikuwa vivyo hivyo, akafungua bahasha yenye cheti cha kuzaliwa na kukuta jina lake yeye na jina la Tajeu na tarehe na muhuri vyote vizima, ila jina la mtoto limemegwa kwa meno madogo madogo, akainua picha iliyokuwa ukutani, ile ya sare mpya ya shule, na sare ilikuwepo na soksi zilikuwepo na mikono imeshika mkoba, lakini juu ya kola hapakuwa na uso, palikuwa na weupe mtupu unaodondoka chembe chembe juu ya vidole vyake, na muda wote huo aliyekuwa akitafuna hakuacha kutafuna, alihama tu, kutoka kitandani akaja kusimama nyuma ya kisogo chake, karibu kiasi kwamba pumzi yake ya magadi ililowesha shingo yake. Nashipae alisimama akijaribu kukumbuka mtoto huyo alikufaje. Hakukumbuka hilo pia.

Tajeu alipofika jioni alimkuta ameketi nje kwenye ngazi.

"Mtoto wetu aliitwa nani?" alimwuliza kwa mnong'ono.

Tajeu aliangalia mlango, kisha akamwangalia yeye. "Wewe si unajua hatutaji."

"Sema pole pole. Niambie kwa sikio."

Alifikiri kidogo, bila wasiwasi, kama anayetafuta mahali alipoweka miwani. "Sijui," alisema. "Imeenda."

"Na haikusumbui?"

"Si ndiyo tulitaka? Tulale?" Akaketi kando yake, akamshika mkono kwa upole. "Ile siku gari ilizama kwa chumvi, wewe ulikuwa umelala ndani. Nilitembea mbali kidogo. Nilikuwa na maziwa kwa kibuyu, nikanyunyiza chini vile wazee hufanya wakiomba Mungu. Lakini sikumwita Enkai. Nilikuwa nimekasirika na yeye sana, nikaona siwezi nikamwongelesha. Nikasema tu, yeyote mwenye anakaa hapa, kuja, kunywa, halafu uchukue hii kitu, mimi nimeshindwa kubeba."

"Kitu gani?"

"Uchungu."

"Wa nani?"

"Wetu, Nashipae. Si wewe ulikuwa unalia?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu wakimlaki mgeni. Naye mgeni alikuja, akakaribishwa kwa maziwa, na mwenyeji akapona kweli kweli.

Nashipae hakumpigia pasta. Alimwendea Naimo, jirani yake wa dukani anayeuza nguo za kina mama, kwa kuwa kwao Wajir mambo haya hawayaonei haya. Naimo alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta mtandio wake vizuri kichwani.

"Abaayo," alisema, akimwita dada kwa Kisomali, "hiyo si ya maombi ya haraka. Wacha niite Maalim Hilowle."

Maalim alikuja siku ya pili mchana, moja kwa moja kutoka sokoni, na gambuti zake na harufu yake ya mbuzi. "Mimi si mganga," alitangaza kabla hajakaribishwa. "Mimi nauza mbuzi na nasoma Kitabu. Nipatieni maji na kiti." Akaketi mbele ya mlango wa chumba kidogo, akasomea maji kwa sauti nzito ya chini. Kutafuna kule ndani kukapungua, kukasita. Akauliza huyo mgeni alikaribishwa vipi mpaka akaja, na Tajeu akamweleza yote bila kuficha. Maalim akatikisa kichwa.

"Hii ni mbaya. Angekuwa mwizi ningemfukuza saa hii. Lakini huyu hajaiba, amepewa. Ako na ruhusa." Akamnyoshea kidole Tajeu. "Wewe ulipeana yako, ukapeana na ya mama bila kumwuliza. Mama anaweza kudai fungu lake. Yako lazima udai wewe, kwa mdomo yako."

"Na akirudisha?" aliuliza Nashipae.

"Hachagui. Hakuletei jina peke yake. Analeta yote vile ilikuwa."

"Ilikuwa aje?"

Maalim hakujua. Nashipae akamgeukia Naimo, naye Naimo akainamisha uso.

"Naimo. Ulikuwa hapa. Nilikuwa aje?"

"Abaayo, ulikuwa unalia mpaka sisi kwa duka tunafunga milango. Siku moja ulikula mchanga ya kaburi. Kama unaweza kukaa hivi, sijui. Labda kaa. Mimi siwezi kukuambia."

Nashipae alifikiri. Hakuwa na hofu ya kutosha hata ya kumsaidia kuamua. Palikuwa na ule utulivu tu, mweupe, wenye usingizi mzuri. Angeweza kuishi nao miaka hamsini. Lakini kule ndani mtafunaji alianza tena, na akajua kwamba kila anachotafuna ni siku moja ya mtoto wake, kesho kutakuwa hakuna soksi wala mkoba, na keshokutwa yeye hatakumbuka kwamba aliwahi kuzaa. Mtoto angekufa mara ya pili, na safari hii asingeachiwa hata mtu mmoja wa kumlilia.

"Nipe yangu," aliuambia mlango.

"Sema tena," alisema Maalim. "Kwa nguvu."

"Ni wangu! Nirudishie yote, hata kama itaniua!"

Akanywa yale maji. Mlango uligongwa mara moja kutoka ndani, na vigae vikatetemeka, na kitu kikampitia Nashipae kifuani kama mtu anayelazimisha kupita kwenye mlango uliojaa watu, na kikaja kilichoahidiwa, chote kwa pamoja, harufu ya nywele zake zikisukwa Jumapili, pengo la meno ya mbele, alivyogombania ukoko wa ugali, alivyoogopa kuku na hakuogopa ng'ombe, kisha ile alasiri ya mvua alipomwambia toka ukamtafute yule mwana-mbuzi kabla hajalowa, yeye Nashipae, kwa mdomo wake, huku akiangalia simu, na jinsi mwana-mbuzi alivyorudi peke yake, na jinsi walivyokimbia na tochi mpaka kwenye machimbo nyuma ya nyumba, shimo lililojaa maji ya mvua hadi ukingoni, na ndala moja ya waridi ikielea, na Tajeu aliyeruka ndani na nguo zake akapiga mbizi mara tisa. Shimo lilikuwa la Tajeu. Alilichimba kupata mawe ya kujengea nyumba hii, akasema atalizungushia ua mwezi ujao, na mwezi ujao, na mwezi ujao.

Nashipae alianguka chini na kupiga yowe lililosikika barabarani. Naimo alimshika mabega akilia naye. Katikati ya maumivu hayo yasiyo na pa kushikilia alihisi jambo moja jingine, furaha kali ya kuonea aibu, kwa kuwa mtoto wake alikuwa amerudi kufa mikononi mwake ipasavyo.

"Sasa wewe, mzee," Maalim alimwambia Tajeu, akimnyoshea kikombe. "Dai."

Tajeu alirudi nyuma hatua moja.

"Dai, bado anangoja!"

"Mimi niko sawa, Maalim."

"Mara ya tatu nakuuliza na ya mwisho. Dai yako."

Tajeu alitazama kikombe. Kwa kitambo kidogo uso wake ulitetemeka, na Nashipae, akiwa sakafuni, aliona kwamba mumewe anajua, si jina wala sura, bali anajua uzito wa kitu kinachomngoja ndani ya yale maji. Alimchukia. Akamwonea huruma mpaka mifupa ikauma. Tajeu akakisukuma kikombe kando kwa mkono wa adabu, na nyuma ya mlango kutafuna kukaanza upya, pole pole, kwa raha, kama mtu aliyebaki peke yake na sinia.

Maalim alivua kofia yake.

"Naisula!" Nashipae aliita. Hakujali desturi ya mtu yeyote. Alimkamata mumewe kola na kulitamka tena usoni mwake, kwa machozi na kamasi. "Naisula! Tajeu, Naisula!"

Tajeu alipiga magoti kando yake. Akamfuta machozi kwa mkono wa shati lake, taratibu, kwa upendo wake wote wa zamani, na akalijaribu lile neno mdomoni mwake.

"Naisula," alisema. "Ni jina nzuri. Enkai akitupatia msichana, tumpatie hiyo."