Nyangumi wa Mwalimu

Jalada lilikuwepo. Santuri haikuwepo.

Inspekta aliinama mbele ya rafu. Santuri mia tatu za muziki tulivu, ule usio na ngoma wala mwimbaji, zilisimama wima kama askari wa gwaride. Katikati yao, jalada moja la kijivu lilikuwa tupu.

"Mwizi namjua!" alifoka mwenye nyumba, mwalimu mstaafu wa jiografia. "Ni huyo fundi redio anayemchumbia binti yangu. Jumatano aliniomba aiazime, nikamnyima. Leo haipo. Mkamate, Afande! Harusi nimeifuta!"

Fundi redio alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Mzee, naapa sijaigusa."

"Usiniite mzee. Mzee wako yuko kwenu!"

Chumba cha pili binti alisikika akilia. Inspekta akaelewa kwamba kilichopotea hapa si santuri peke yake.

"Kwa nini hii, kati ya zote mia tatu?"

Sauti ya Mwalimu ikalainika. "Ina nyangumi, Afande. Wanaimba chini kabisa ya bahari. Kesho mchana wakusanyaji wenzangu wanakuja kuisikiliza. Nimewaandalia hotuba. Kurasa tisa."

"Kuhusu nini?"

"Nyangumi!"

Mkewe aliingia na sahani ya biskuti zilizoiva vizuri, rangi ya asali.

"Ajabu," Mwalimu alisema akitafuna. "Miezi miwili zilikuwa makaa matupu. Nikamwambia jiko limechoka."

"Ulikuwa unapimaje muda, Mama?" Inspekta aliuliza.

"Kwa santuri hiyo, mwanangu. Upande wa kwanza ukiisha, natoa biskuti. Leo nimepima kwa saa."

Inspekta akaigeukia mashine ya kupigia santuri. "Mwalimu, unapiga kwa mwendo gani?"

"Mizunguko thelathini na tatu kwa dakika. Daima! Kitufe hicho sijawahi kukigusa."

Kitufe kilikuwa kwenye arobaini na tano. Juu yake palikuwa na vumbi jeupe.

"Upande wa kwanza huchukua dakika ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Jalada linasema kumi na nane."

"Wachapaji hao! Wamekosea."

Inspekta alitabasamu. "Nilitaka kupaka unga wa alama za vidole hapa. Naona mtu ameshanisaidia. Tena ni unga wa ngano."

Macho yote yakahamia kwenye mikono ya mama mwenye nyumba. Akaificha nyuma ya aproni, kisha akaitoa.

"Basi. Nimeichukua mimi. Iko kabatini, chini ya mashuka."

"Wewe, mama watoto?"

"Jana ulipotoka niliipiga kwa mwendo ule mwingine. Dakika kumi na nane kamili! Biskuti hazikuungua hata moja. Na hao nyangumi wako..." Akauma mdomo.

"Wamefanya nini?"

"Utawasikia mwenyewe."

"Kwa nini hukumwambia?" Inspekta aliuliza.

"Huyu? Nilimwambia mara mbili kuhusu hizo dakika, akanihubiria wachapaji. Kesho wenzake wangemcheka juu ya kochi lake mwenyewe! Nikasema wageni wapite kwanza, nitairudisha. Sikujua atamrukia mkwe wangu."

Santuri ililetwa. Fundi redio aliishika kwa kingo tu, akaishusha taratibu, akaweka sindano.

Mngurumo wa kilindini, uliotokana na mwendo wa polepole, haukusikika. Palisikika upepo mwepesi, na kinanda kikivuta sauti moja ndefu. Kisha nyangumi wakaimba.

*Kurr-kuu. Kurr-kuu.*

"Njiwa," fundi redio alinong'ona, kisha akatamani kuimeza kauli yake.

Mwalimu alifumba macho. Mabega yake yakaanza kutetemeka. Inspekta alidhani analia, mpaka kicheko kikamtoka Mwalimu na kujaza chumba.

"Kurasa tisa!" alipiga kelele akijifuta machozi. "Kurasa tisa za njiwa!"

Akazichukua karatasi mezani, akamsukumia fundi redio kifuani. "Mkwe, una kalamu? Kila penye nyangumi, andika njiwa."

"Na penye bahari, baba?"

Mwalimu alitazama juu. "Andika paa la nyumba."

Chumba cha pili kilio kilikoma. Mlango ukafunguka kidogo.

Inspekta alifunga daftari lake. Kisha, mbele ya mashahidi wanne, alichukua biskuti tatu kuwa vielelezo, na vielelezo hivyo havikufika kituoni.