Sauti ya Anyelwisye

Jumapili moja ya Agosti 2013, saa mbili asubuhi, Getruda alifungua kompyuta yake mpya sebuleni kwake Itumba, akavaa hedifoni, akatafuta sauti ya marehemu mumewe. Haikuwepo. Kabla chai haijapoa alikuwa kituo cha polisi, anadai mtu akamatwe.

"Nani?" aliuliza Koplo Atuganile.

"Mwalimu Rabson wa kwaya! Jana kaja na flashi yake kuchukua nyimbo, kaniletea virusi. Vimekula sauti yote ya Anyelwisye!"

Koplo Atuganile hakuwa mtu wa kukimbilia pingu. Kompyuta hakuzijua sana, ila watu aliwajua. Akaenda kuona.

Anyelwisye alikuwa mwimba besi, tena mtu wa kupenda kujirekodi. Simu yake aliiacha imejaa mazoezi ya kwaya, harusi za ndugu na maongezi ya nyumbani kwa lugha yao, Kindali. Mkewe alinunua kompyuta ili amsikilize tu, binti yao Tabita akazihamishia humo rekodi zote, zimechanganyika, kila moja na namba badala ya jina. Tangu hapo jirani akibisha hodi jioni, alijibiwa na mbwa; Getruda alikuwa ndani ya hedifoni.

"Zilizopotea ni zipi hasa?"

"Za mume wangu akiongea. Za kwaya zipo, za harusi zipo." Getruda alifuta machozi kwa pembe ya kanga. "Nilishaanza kusahau anavyocheka, afande. Sasa nitamsahau kabisa."

Rabson alipatikana nje ya kanisa, ibada imeisha.

"Niiharibu sauti ya besi wangu mwenyewe?" alisema kwa uchungu. "Flashi nilichomeka mbele ya mama Tabita. Antivairasi yake ikapiga kelele, ikaisafisha kwanza. Nikachukua nyimbo, nikanywa chai, mama mwenyewe akanisindikiza hadi stendi."

"Nyumbani alibaki nani?"

"Tabita tu. Alikuwa amekuja kutoka Tunduma."

Jumatatu asubuhi Atuganile aliibeba kompyuta hadi Tunduma, kwenye duka la Danford aliyemuuzia Getruda ile antivairasi. Danford alimaliza na mteja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akaipokea.

"Huyu mama nilimpa chaguo tatu," alisema huku akiikagua. "Ya bure, ya CD za kunakili zinazouzwa barabarani, na ya leseni inayojisasisha kwa modemu. Hizo CD zenyewe mara nyingi ndizo zinazoleta virusi. Ya bure ingemtosha kama hachomeki flashi za watu. Lakini Itumba utamnyimaje jirani wimbo? Akachukua ya leseni. Akaniambia, 'Humu amelala mume wangu.'"

"Na hiyo ya leseni ndiyo imemfuta mume wake."

"Ingefuta, ingeonyesha hapa. Iliyosafishwa ni flashi moja tu, ya Jumamosi. Virusi navyo havimo." Danford alikuna kidevu. "Halafu, afande, rekodi hizi zote ni za aina moja. Virusi havichagui mtu kwa sauti yake."

Atuganile akaomba asikilizishwe zilizobaki, moja baada ya nyingine. Kwaya, kwaya, vigelegele vya harusi, kwaya. Ghafla akasikika mwanamume akiongea Kindali, taratibu, kicheko kikiwa karibu.

"Kumbe imebaki moja!" alisema Danford. "Anasemaje?"

"Anamwambia mkewe, 'Zima redio kwanza, mwanao anakuambia kitu.'"

Alitoka hapo moja kwa moja hadi ofisi ya wakala wa forodha alikofanya kazi Tabita, akamwomba waongozane Itumba. Tabita hakuuliza kwa nini.

Saa kumi na moja jioni walikuwa watatu sebuleni.

"Rabson umemfunga?" aliuliza Getruda.

"Mwalimu utamwomba radhi mwenyewe. Hajui namba ya rekodi hata moja. Danford hajui Kindali. Aliyezitoa alizijua zote, na alipata nafasi wewe ukimsindikiza mgeni. Moja akaiacha makusudi." Atuganile akaifungulia.

Sauti ya Anyelwisye ilijaa chumba. Getruda alishika kifua. Tabita akatoa flashi kwenye mkoba, akaiweka mezani.

"Zimo zote, mama. Sijafuta hata moja."

"Wewe? Baba yako mwenyewe?"

"Na mimi namlilia! Lakini kila Jumamosi nakuja hapa nakuta mgongo wako. Kuna watu wanataka kuleta posa. Baba mdogo anasema hawapokei mpaka apate neno lako. Nikadhani ukimkosa baba siku mbili tatu, utageuka unione. Ningezirudisha."

"Ungeniambia, mwanangu."

"Nilikuambia mara tatu. Ulinionyesha mkono ninyamaze. Ulikuwa unamsikiliza baba."

Atuganile alitoka nje taratibu. Hapakuwa na jalada la kufungua.

Getruda aliichukua ile flashi, akaifumbata. Kwa hamu ya mumewe, mkono ukaenda wenyewe kwenye kompyuta. Ukafika, ukaifunga. Akavuta kiti, akakaa akimtazama binti yake, akamwona amekonda.

"Anaitwa nani huyo kijana?"

"Osward. Wa kule Mbebe."

"Mbebe kwa nani?"