Ndege wa Kibao cha Nshamba

Kibao kimoja huchapa ndege mmoja, yule yule, hata ukikigonga mara mia. Kokushubila alilijua hilo kwa miaka kumi na tisa ya kuchapa vitambaa nyumbani kwake, mtaa wa Bakoba. Kwa hiyo alipoona kwenye kamba, kitambaa kikiwa kimeanza kukauka, kwamba ndege wa safu ya tatu amegeuza kichwa na kumtazama, alikwenda kwanza kunawa uso.

Alirudi. Ndege bado alikuwa anamtazama.

"Lilian, umekigusa hiki kitambaa?"

"Hapana, Mama. Nilikuwa namenya ndizi."

Kibao chenyewe alipewa na katekista Onesphory, siku ilipobomolewa stoo ya misheni ya zamani kule Nshamba. Alikichonga Misi Hatweli, Mwingereza aliyewafundisha wasichana wa pale kuchapa nguo katika miaka ya hamsini. Ufundi huo alitoka nao kwao, zama ambazo wachoraji wengi wa Uingereza hawakuona aibu kuacha picha za ukutani wakachonga mbao za kuchapia mapazia na vitambaa vya viti. Nakshi yake ilikuwa majani ya mgomba yaliyosukana, na katikati yake ndege mwenye shingo ndefu. Ilikuwa nzuri mno. Ila ukingo mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa, na Kokushubila, bila kufikiri mara mbili, aliukata kwa msumeno, upana wa vidole viwili.

Kesho yake baada ya ndege yule kumtazama, saa nane mchana, mvua ikinyesha, alisikia mtu akigonga kibao katika chumba cha kuchapia. Ta. Ta. Alifungua mlango. Hakukuwa na mtu. Kibao kilikuwa juu ya meza, rangi mbichi iking'aa, na chumba kizima kilinuka tope la ziwani, lile la chini kabisa ambalo halijawahi kuona jua.

"Mawe!" Lilian alilia nyuma yake, akimwita mama kwa kilugha.

Alikuwa ameinua mkono. Kwenye kiganja kulikuwa na ndege.

Walimsugua kwa sabuni, kwa limau, kwa mafuta ya taa, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Ndege hakufifia. Na kila sauti ile iliposikika kutoka chumba kitupu, Lilian alishtuka kama mtu aliyepigwa, kisha ndege mwingine akatokea juu ya mwenzake, akipanda kuelekea kwenye kiwiko.

Daktari alisema ni mzio, akampa dawa ya kupaka. Padre alikuja na maji ya baraka, na alipokuwa katikati ya sala ikasikika ta, ta, ta, na mbele ya macho yake ndege watatu wakajipanga begani kwa msichana. Padre alimaliza sala kwa sauti iliyokatikakatika. Alhamisi Lilian aliacha kusema. Alikuwa akifungua kinywa na kukifunga tu, shingo ameinyoosha, macho yamejaa machozi.

Kokushubila alikwenda kumshika Onesphory shati. "Umenipa nini? Niambie! Mwanangu anakwisha!"

"Ma Koku, mimi sijui, naapa," katekista alinong'ona. "Lakini mwanafunzi mmoja wa Misi bado yu hai. Mpelekee kibao hicho."

Mama na binti walikodi gari mpaka Nshamba, wamebeba kibao ndani ya gunia. Ma Felicitas, mwanafunzi huyo wa Misi, alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu. Alipokiona alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Nani amekikata?"

"Mimi, Mama. Mchwa walikuwa wamekila."

"Ee Maria." Bibi aliketi chini. Alisema polepole, akikwepa kumtazama Lilian. Shuleni pale kulikuwa na jini lililotoka ziwani, likawaingia wasichana wawili, wakafa. Misi hakuwa na dawa. Alikuwa na patasi. Alichonga nakshi ambayo kila ukingo unakutana na mwenzake, jani likiingia katika jani, pasiwe na pa kutokea, na jini likabaki ndani. "Yule hakuchora urembo, mwanangu. Alijenga ua. Wewe umefungua mlango."

"Basi ufunge! Nakuomba, nakupigia magoti!"

"Mikono yangu inatetemeka. Ninaikumbuka nakshi ya ukingo ulioukata, nitaichora. Utachonga wewe."

Wakapata kipande cha mbao ya musambya, mti wa huko. Bibi akachora kwa mkaa, na Kokushubila akaanza kuchonga pale pale sakafuni, wakati ndani ya gunia kibao kilikuwa kinajigonga chenyewe, na kila kilipogonga ndege akapanda, kutoka begani hadi kwenye mfupa wa shingo, kutoka hapo hadi kooni, na Lilian akaanza kukoroma kama anayezama, na harufu ya tope ikajaa nyumbani mpaka taa ya altare ndogo ya kusalia ya bibi ikazimika, na mama mtu akachonga huku patasi ikimkata vidole na damu ikiingia kwenye mifereji ya majani, asijue tena anasali au anatukana, anajua tu kwamba jani hili lazima likutane na lile.

Ndege wa mwisho akatua chini ya taya.

"Unganisha! Chapa!" bibi akapiga kelele.

Kokushubila alikitoa kibao guniani, akakibana na kipande kipya, akavichovya rangi aliyoileta bibi, akachapa juu ya shuka ya kitandani, mara nne, ukingo kwa ukingo. Ndani ya shuka pakasikika mbawa nyingi zikijipigiza, kama kuku waliofungiwa kwenye tenga, kisha kimya. Mkononi mwa Lilian ndege wakaanza kufutika, mmoja mmoja, kuanzia kiganjani.

"Mama," Lilian akasema. "Nina kiu."

Kokushubila akamkumbatia akalia kwa sauti. Ma Felicitas, akicheka na kulia, aliikunja shuka akaifungia sandukuni, akaenda kuleta maji.

Lilian akainua kikombe akanywa. Chini ya taya yake ndege mmoja alikuwa amebaki, mdogo, mweusi, ambaye bibi hakumwona. Koo la msichana likameza. Kisha ndege naye akameza.

Kokushubila akavua kitenge chake, akamfunga mwanawe shingoni, taratibu, akimfunika yule ndege.