Kurasa Nne Ambazo Sikuzisoma

Kila siku baada ya shule nilimsaidia mama kugeuza chisense, samaki wadogo tunaowaanika juu ya nyavu kuukuu. Jumatatu ile niligeuza harakaharaka. Karatasi za Ticha Nkandu zilikuwa zinaningoja.

Ticha alikuwa ametueleza kwamba mbali sana, nyota mbili zilizokufa ziligongana. Mgongano ule ulitikisa anga, na mitambo hapa duniani ikahisi mawimbi yake, yaitwayo mawimbi ya uvutano. Mara chache mawimbi hayo hufuatwa na mmweko mfupi wa miale ya gamma, mwanga wenye nguvu nyingi ambao macho yetu hayauoni. Setilaiti huihesabu miale hiyo kila sekunde. Kila mmoja wetu alipewa kurasa kumi za hesabu hizo. Kwa kawaida namba zilikuwa karibu mia tatu. Tukiona iliyozidi mia nne, tuizungushie duara.

“Ukurasa wenye duara utasomwa tena na wenzenu wa shule ya Mwansabombwe,” alisema. “Usio na duara hautafunguliwa tena na mtu.”

Nilisoma kurasa sita. Namba zilifanana kama chisense. Nikaandika: Kurasa kumi, hakuna. Asubuhi nikampa Ticha.

Siku hiyo mchana, jirani yangu Gloire, tunayesoma darasa moja, alinikuta kwenye nyavu.

“Weye umemaliza? Una macho ya tai! Mimi niko ukurasa wa saba.”

“Ni bule tu,” nilimcheka. “Nilisoma sita. Hizo nne zingekuwa na nini?”

Mama aliacha kugeuza samaki.

“Pierrette, uliandika hakuna, na haukusoma?”

Mama alikaa chini, akayatazama maji ya ziwa.

“Wakati baba yako alipotea ziwani na tulimutafuta, mutu mumoja alisema, ‘Kwenye matete nilipita, hakuna.’ Tukamwamini. Siku tatu mitumbwi ikazunguka fasi zingine zote. Baba yako alikuwa pale kwenye matete. Yule mutu hakufika. Aliogopa mamba, akaona haya kusema.”

Sikuwahi kuambiwa hayo. Nilikumbuka tu kwamba jeneza lilikuja limefungwa, na hatukuruhusiwa kuuona uso wake.

Nilikimbia mpaka shuleni. Ticha alikuwa anafunga karatasi kwa kamba, zisafirishwe kesho yake.

“Ticha, nilidanganya. Kurasa nne sikuzisoma.”

Hakutabasamu. Alifungua kamba, akanionyesha kiti.

Nilisoma namba mojamoja, kidole juu ya karatasi. Kwenye ukurasa wa tisa nilikuta 371, moyo ukaruka. Lakini haikufika mia nne. Ukurasa wa kumi ulikuwa kama nyingine.

“Hakuna, Ticha,” nilisema. Machozi yalinitoka. “Ni jibu lilelile.”

“Si lilelile,” alijibu polepole. “La jana lilikuwa uvivu. La leo ni kazi. Kutafuta usipate si aibu, Pierrette. Wanaotafuta miale hii hukosa mara nyingi zaidi kuliko wanavyopata, na wanaandika walipofika. Lakini ukisema hakuna mahali ambapo hukufika, unamfungia njia mwenzako.”

Nilifuta mstari wa kwanza. Nikaandika upya: Nimesoma kurasa zote kumi, mimi mwenyewe. Hakuna.

Chini yake nikaandika jina langu, na jina la baba.