Ufunguo wa Stoo ya Kamba

Soko lilifurika asubuhi ile, na mtafiti, gauni la njano juu ya viatu vya mpira, alikuwa amekumbatia gunia la majani ya mpera. Kijana mmoja nyuma yake kwenye foleni ya mzani alishindwa kujizuia.

"Dada, nani anaharisha kiasi hicho?"

"Kamba."

Kijana akacheka, kisha akasogea karibu. Yeye alikuwa mfugaji wa kamba, na mwaka uliopita virusi vya madoa meupe vilimmalizia mabwawa yote kwa wiki moja.

"Ugonjwa ule hauna dawa," akasema.

"Nani kakudanganya? Nipe matangi mawili uone."

Akampa matangi, na mwezi haujaisha akampa na moyo. Tangi la kwanza lilipewa chakula kilichochanganywa na maji ya majani. La pili, chakula kitupu, ili tofauti ionekane. Simu zikawa haziishi.

"Wanangu wamekula?"

"Wamekula, laazizi. Mimi ndiye sijaulizwa."

Ugonjwa ukarudi, ukafagia mabwawa ya majirani. Matangi yote mawili yakasalimika, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mkuu wa maabara alikofanya kazi mtafiti alifunga faili.

"Wasiopewa majani wamepona sawa na waliopewa. Majani yako hayana kazi. Mradi basi."

Mtafiti akampigia mpenzi wake akilia. Upande wa pili ikaja sauti ndogo.

"Nisamehe. Lile tangi la pili nalo nililipa chakula cha majani. Nilishawaona wakifa mara moja, nikashindwa."

"Umewahurumia kamba. Mimi je?"

Akakata. Siku kumi na tisa hakupokea simu yake.

Ya ishirini alimkuta mfugaji maabara, matope hadi magotini, amesimama mbele ya mkuu.

"Kosa ni langu. Andika hivyo."

"Ushahidi wa mchumba hauingii kwenye ripoti," mkuu akajibu.

Mtafiti alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hasira zikampanda, safari hii si kwa mfugaji.

"Basi tunarudia. Matangi ni yake, majani ni yangu, hatuombi ruhusa ya mtu."

Nje akamgeukia mfugaji. "La pili litakufa, na wewe utatazama. Ufunguo wa stoo ya chakula nipe mimi."

Akampa bila kubisha.

Wakatia kamba wagonjwa wachache katika kila tangi ili waambukize wengine. Siku ya sita mfugaji alikuwa akiopoa mizoga ya tangi la pili, machozi yakimtoka, mtafiti kando yake ameshika ndoo. Tangi la majani, saba katika kila kumi walikuwa wazima.

Mkuu alisoma matokeo kwenye faili, akakohoa. "Bahati tu. Irudiwe."

"Itarudiwa," mtafiti akasema, akampokonya faili.

Barabarani alimnyooshea mfugaji ufunguo. Mfugaji akaufunga tena ndani ya kiganja cha mtafiti.

"Kaa nao, kipenzi. Na mimi nichukue, tuoane."

"Na mkuu akikataa tena?"

"Tutarudia hadi achoke yeye."

Mtafiti akautia ufunguo mfukoni. "Nimekubali kuolewa. Lakini stoo huingii."