Kosa la Gari, Lawama kwa Bakhita

“Sema basi, mwanangu. Kosa la gari, au kosa la binti yangu?”

Harub alikuwa chali chini ya gari, miguu tu nje. Kutoka pale aliona jozi mbili za viatu: makubadhi ya Mzee Marhoon, yametulia, na viatu vyeusi vya Bakhita, kimoja kinakanyaga kingine.

Akamulika tochi. Kwenye bati la sakafu, karibu na kiti cha dereva, palikuwa na ufa wa urefu wa kiganja. Ufa mbichi, chuma bado kinang'aa. Harub alijua mara moja umetoka wapi, maana aliyeusababisha ni yeye.

“Harub? Umelala huko?”

“Nnaangalia, ami.”

“Basi?”

Maneno mawili yangetosha: kosa langu. Badala yake akasema, “Yaonyesha kona ilichukuliwa kwa kasi, ami. Gari la zamani hili, halitaki hivyo.”

Viatu vyeusi vikarudi nyuma hatua moja.

“Umesikia?” Mzee Marhoon akamgeukia binti yake. “Si nilisema mie? Mtu mzima na kazi yako, unaendesha kama wahuni. Lete ufunguo.”

“Baba, wallahi sikwenda kasi.”

“Fundi kasema! Lete.”

Harub alibaki chini ya gari mpaka walipoondoka. Alijifanya anakaza nati, na hapakuwa na nati iliyolegea.

Tuseme ukweli tangu mwanzo. Harub alimpenda Bakhita, mwaka mzima sasa, na nia yake ilikuwa ndoa. Kwao walijua, kwao Bakhita walijua, ilibaki siku tu ya kwenda kuposa. Na mwanamume huyo mwenye nia njema ndiye aliyelala chini ya gari akamtupia mwenzake lawama.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, la mwaka 1969, milango miwili, boneti refu utadhani kitanda. Mzee Marhoon alilinunua alipostaafu wizarani, na nyumbani wakaliita Mmarekani. Lilikuwa na nguvu ya kutisha kwenye barabara iliyonyooka, lakini kwenye kona liliyumba mpaka abiria anashika dari. Ndiyo maana lililetwa gereji ya Harub, mtaa wa Wattaya, litiwe springi ngumu, shokapu mpya, chuma kinene cha kulizuia lisilale kwenye kona, na breki za diski.

Sasa, kuna jambo ambalo kila fundi wa magari haya analijua. Gari lile halina chesisi kamili. Lina fremu fupi mbele, fremu fupi nyuma, na katikati ni bati la sakafu tu. Ukitaka kutia springi ngumu, kwanza uchomelee vyuma viwili virefu chini, viunganishe mbele na nyuma. Usipofanya hivyo, mitikisiko yote iliyokuwa ikimezwa na springi laini inahamia kwenye bodi, na bodi linaanza kujikunja.

Harub alikuwa ameshavikata vyuma hivyo. Vilikuwa vimeegemea ukutani. Lakini Mzee Marhoon alilitaka gari lake Ijumaa, awatembeze wageni waliotoka Unguja, na Harub alitaka kuonekana mkwe wa maana.

“Kazi imekwisha, ami,” alisema. “Khalas.”

Akajifariji kwamba mzee anaendesha kama anayesindikiza maiti, halitatokea neno. Wiki ijayo angelirudisha gereji kwa kisingizio chochote, amalizie kimya kimya.

Hakufikiria kwamba mzee angemwachia Bakhita usukani ampeleke shangazi yake, Bi Kheiria, kijiji cha wavuvi cha Qantab kununua samaki. Kwenye mteremko wa milimani, kona ya tatu, kikasikika kishindo. Kioo cha mbele kikapasuka, na mlango wa abiria ukafunguka wenyewe juu ya bonde. Mkanda ndio uliomzuia Bi Kheiria asitoke. Alirudi nyumbani, Khuwair ya Kusini, ameushika mlango kwa mikono miwili, anasoma kila sura aliyohifadhi.

Jioni ile, baada ya uongo wa Harub, simu yake ikatoa mlio.

“Samahani Harub. Nimeiharibu kazi yako ya miezi minne.”

“Usijali,” akajibu.

“Nnaona haya hata kukutazama. Shangazi angekufa mikononi mwangu.”

Akaandika: *Bakhita, si wewe, ni mie.* Akayatazama maneno yale, akayafuta. Akatuma: “Mungu kasitiri. Pumzika.”

Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, ingawa chumbani alikuwa peke yake.

Tangu siku ile Bakhita hakushika usukani. Hata gari lake dogo la kwendea kazini aliliacha limefunikwa turubai, kaka yake Sami akawa ndiye wa kumpeleka ofisini. Wiki ya tatu akampigia Harub mchana, sauti imekwisha.

“Leo nimejaribu,” alisema. “Nimekaa kwenye gari langu, nikatia ufunguo. Nikauona tena ule mlango unafunguka, nikateremka.”

“Bakhita...”

“Miaka kumi nnaendesha, Harub. Sijapata kukwaruza hata ukuta. Kumbe sijui, na watu wote walikuwa wananistahi tu.”

“Usiseme hivyo. Weye unajua kuendesha.”

“Si wewe uliyesema kona niliichukua kwa kasi? Wewe ndiye fundi.”

Hakusema kwa hasira. Alimwamini, basi. Harub akafungua kinywa, na pale pale Bakhita akaongeza:

“Haya, tuyaache. Baba kakubali mje Ijumaa. Mama keshaagiza halwa. Angalau hilo limekaa sawa.”

Basi akakifunga kinywa chake. Akasema moyoni atamwambia baada ya ndoa. Nimuoe kwanza, halafu nimwambie. Alipolisikia wazo lake mwenyewe alijichukia, lakini hakulibadilisha.

Ijumaa ikafika. Mjomba wake, Mzee Msellem, alikuwa kavaa kilemba kipya, na njia nzima akawa anampa darasa.

“Mposaji hasemi kitu, umenifahamu? Unakaa, unatazama zulia, mie ndiye nnayesema. Ukitajwa, unatabasamu.”

“Sawa, mjomba.”

Desturi ile ilimfaa sana. Aliingia majlis, sebule ya wanaume, akakaa na kimya chake kama mtu mwenye adabu, na kumbe ni mwoga tu.

Wanaume kumi na wawili waliizunguka sinia ya halwa. Mlango wa ndani uliachwa wazi kidogo, na nyuma ya pazia wanawake walikuwa wanasikiliza kila neno, kama ilivyo ada. Mzee Msellem alisema maneno mazuri, ya asili na ya heshima. Mzee Marhoon akaitikia, akaweka finjani chini, akacheka.

“Nyinyi ni watu wetu, sitokuficheni ila ya binti yangu. Dini anayo. Kazi anayo. Adabu anayo. Lakini usukani, laa! Msimpe gari. Karibu amuue dada yangu.”

Watu wakaangua kicheko.

“Dogo hilo!” Mzee Msellem akadakia. “Mume fundi, atampeleka mwenyewe kila anakotaka!”

Kicheko kikazidi.

“Na huyo fundi ndiye shahidi,” Mzee Marhoon akasema, akimnyooshea kidole Harub. “Muulizeni! Si yeye aliyenambia?”

Macho yote yakamgeukia. Ilikuwa zamu yake kutabasamu. Nyuma ya pazia hakucheka mtu, na Harub alijua Bakhita yuko pale, katika nguo yake mpya, anasikiliza wanaume kumi na wawili wakimcheka kwa kosa ambalo si lake.

“Si kweli,” akasema.

Mjomba wake akamfinya paja.

“Si kweli, ami. Bakhita anajua kuendesha kuliko mie. Kosa langu.”

“Unasema nini, mwanangu?”

“Nilitia springi ngumu kabla ya kuchomelea vyuma vya chini. Nilikwambia kazi imekwisha, na haikuwa imekwisha. Ule ufa niliuona siku ile ile. Nikaujua. Nikamsingizia yeye.”

Hapana aliyegusa halwa tena.

“Ulimsikia akiapa,” Mzee Marhoon akasema polepole.

“Nilimsikia.”

“Dada yangu alikuwamo ndani ya gari lile.”

“Najua, ami.”

“Na leo umekuja kwangu, umekula halwa yangu, unamtaka binti yule yule.”

Harub akatazama zulia. Mzee Marhoon akamgeukia Mzee Msellem, kwa heshima iliyoumiza kuliko matusi.

“Sheikh Msellem, mchukue kijana wako.”

Mlangoni palikuwa na rundo la makubadhi na Harub hakuyaona yake. Akayatafuta kwa kuinama, wanaume wote wanamtazama. Mwishowe akatoka miguu mitupu.

Garini, walipofika barabara kuu, mjomba wake akamgeukia.

“Nimeposea watu kumi na mmoja,” akasema. “Sijapata kutolewa.”

“Nisamehe, mjomba.”

“Aibu hii utanilipa vipi, Harub?” Akavua kilemba, akakiweka mapajani. “Lakini ungetabasamu pale, mie mwenyewe nisingekutazama tena nikishaujua ukweli.”

Simu ikatoa mlio, ujumbe wa Bakhita.

“Usinipigie.”

Kesho yake Sami akaleta ujumbe wa baba yake: gari amalize alichokianza, kisha asikanyage kwao. Harub akalifungua upya lote. Akalinyoosha bodi, akabadilisha bati la sakafu, akachomelea vyuma vyote viwili mwanzo hadi mwisho. Kila mshono aliupiga picha akamtumia Mzee Marhoon. Mzee alizitazama zote, alama za buluu zikaonekana, na hakujibu hata moja. Harub akaenda pia kwa Bi Kheiria kuomba radhi. Bi Kheiria alimsikiliza kizingitini, akamwambia atafikiri, akafunga mlango.

Wiki ya sita tangu atolewe majlis, Alkhamisi asubuhi, Bakhita akateremka kwenye gari la Sami mbele ya gereji. Sami akabaki garini. Harub alisimama na grisi mpaka viwikoni, hakujua aweke wapi macho.

“Linyanyue,” Bakhita akasema. “Nnataka kuona.”

Akalinyanyua kwa mashine. Bakhita akaingia chini na abaya yake, akanyoosha kidole.

“Palichanika hapa?”

“Hapa.”

“Na lau ningekwenda polepole?”

“Lingechukua siku chache zaidi. Lakini lingechanika tu.”

Bakhita akapitisha kidole kwenye mshono wa chuma, taratibu, toka mwanzo mpaka mwisho. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

“Kila nikilala nnamwona shangazi anaanguka bondeni. Kila nikilala, Harub.”

“Nisamehe.”

“Sijafika huko.” Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. “Nnataka jambo moja tu. Lau baba asingenitaja siku ile, ungesema lini?”

Harub alikuwa na majibu mazuri. Alikuwa akiyatengeneza wiki sita nzima, kwamba alikuwa karibu kusema, kwamba alingoja wakati mwafaka. Akamtazama Bakhita, na yote yakamshinda.

“Sijui,” akasema. “Pengine ningekuoa kwanza. Pengine nisingesema kabisa. Nilishaanza kuzoea.”

Akainamisha kichwa, akangoja kusikia hatua zake zikienda kwa Sami.

“Ungenambia ulikuwa karibu kusema, ningekwenda zangu,” Bakhita akasema. “Mwambie mjomba wako aje tena. Baba atakukataa. Mwache akukatae, umestahiki. Na akikataliwa, aje tena.”

“Na wewe?”

“Mie ndiye nnayekwambia aje.”

Harub akaufunika uso kwa mikono yake yenye grisi, akalia pale pale mbele yake.